Asilimia 100.01: namna matokeo ya kura za maoni yanavyokadiriwa na kuripotiwa

Tarehe 15 Agosti 2022, katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), Wafula Chebukati, alitangaza matokeo ya urais. William Ruto alipata kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila Odinga 6,942,930, asilimia 48.85. George Wajackoyah 61,969, asilimia 0.44. David Mwaure 31,987, asilimia 0.23. Jumlisha asilimia hizo nne: unapata 100.01.

Hiyo 0.01 iliyozidi haina kura hata moja ndani yake. Imetokana na kukadiria, yaani kuipeleka namba ndefu kwenye namba fupi iliyo karibu nayo. Kura za wagombea hao wanne zikijumlishwa ni 14,213,027. Ukigawa kura za kila mmoja kwa jumla hiyo na kuandika desimali nne, Ruto ana 50.4899, Raila 48.8491, Wajackoyah 0.4360 na Mwaure 0.2251. Kanuni ya darasani inasema hivi: tarakimu ya kwanza unayoiacha ikiwa 5 au zaidi, panda; ikiwa 4 au chini, shuka. Kwa desimali mbili wote wanne wanapanda. Hayupo hata mmoja wa kushuka akafidia, ndiyo maana jumla inavuka mia.

Sasa rudia kazi hiyo kwa desimali moja. Unapata 50.5, 48.8, 0.4 na 0.2, jumla 99.9. Kwa namba nzima unapata 50, 49, 0 na 0, jumla 99. Kura ni zilezile na hesabu ni sahihi mara zote tatu, lakini jumla ni tatu tofauti.

Kwa matokeo rasmi jambo hili ni dogo, kwa sababu kura zenyewe zimeandikwa kando ya asilimia na yeyote anaweza kurudia hesabu. Kwa utafiti wa maoni hali ni nyingine. Msomaji hupewa asilimia peke yake, mara nyingi kwa namba nzima au desimali moja, na zile hesabu za chini hazioni. Kwa hiyo tutaichukua safu hii ya 2022 kama kipimo, tuone tarakimu hugeuka vipi njiani kutoka kwa anayehoji hadi kwenye kichwa cha habari.

Jumla isiyofika mia

Swali likiwa na majibu mawili tu, asilimia zilizokadiriwa hujumlika kuwa 100 karibu kila mara. Zinakosa pale tu ambapo zote mbili zimeangukia kwenye nusu kamili, mfano 49.5 na 50.5, zikawa 50 na 51. Majibu yakiwa matatu, hali inabadilika: kwa wastani ni mara tatu tu kati ya nne ambapo jumla itatoka 100. Yakiwa manne, ni mara mbili kati ya tatu. Na utafiti wa urais Kenya hauna mistari minne. Una wagombea, una "sijaamua", una "sitaki kusema", una "sitapiga kura". Kadiri mistari inavyoongezeka, ndivyo 99 na 101 zinavyokuwa jambo la kawaida.

Kwa hiyo jedwali linalojumlika kuwa 101, likiwa na maelezo chini yake kwamba jumla si 100 kamili kwa sababu ya kukadiria, lisikutie shaka. Linalostahili kuulizwa zaidi ni lile lenye mistari minane ambalo hutoka 100 mwezi baada ya mwezi. Huenda mtu ameipunguza "wengine" au "sijaamua" ili safu ipendeze. Ipo pia njia rasmi ya kulazimisha jumla: shusha kila namba, kisha pointi zilizobaki uwagawie wenye masalio makubwa zaidi. Tuijaribu kwa safu yetu. Tukishusha tunapata 50, 48, 0 na 0, jumla 98. Pointi mbili zimebaki. Masalio makubwa ni ya Raila (0.8491) na Ruto (0.4899), kwa hiyo inakuwa 51, 49, 0, 0. Jumla ni 100 safi, lakini mgombea mwenye 50.49 ameandikwa 51. Njia hii inafaa kugawia viti vya bunge, ambavyo lazima viishe vyote. Kwa kuripoti maoni ya watu haifai, maana inaharibu namba sahihi ili kuokoa jumla ambayo hakuna anayeihitaji.

Halafu kuna ile sifuri. Kwenye namba nzima Wajackoyah na Mwaure wote wawili wanasomeka 0, ingawa kwa pamoja walipigiwa kura 93,956. Taasisi makini huandika "chini ya 1" au huweka kinyota, na kuacha kistari kwa jibu ambalo kweli hakuna hata mhojiwa mmoja aliyelitaja. Mgombea mdogo akiandikwa 0 katika utafiti, usiseme hana wafuasi. Angalia kwanza kama jedwali linatofautisha sifuri hizo mbili.

Hatari kubwa iko kwenye kutoa

Watu hawasomi asilimia moja moja, husoma pengo: fulani anaongoza kwa pointi ngapi. Na pengo ndipo kukadiria kunapouma.

Pengo halisi la 2022 lilikuwa kura 233,211, sawa na pointi 1.64. Ukitoa kwenye desimali moja (50.5 toa 48.8) unapata 1.7, wakati jibu sahihi ni 1.6. Ukitoa kwenye namba nzima (50 toa 49) unapata 1, wakati 1.64 ikikadiriwa ni 2. Kila namba iliyokadiriwa kwa namba nzima inaweza kuficha hadi nusu pointi. Ukitoa namba mbili za namna hiyo, zinaweza kukuficha hadi pointi nzima. Ukilinganisha pengo la mwezi huu na la mwezi uliopita, tayari ni namba nne zilizokadiriwa, na upotofu unaweza kukaribia pointi mbili.

Chukua mfano wa kubuni. Utafiti wa Juni umehoji watu 2,000: mgombea A ana 46.5, B ana 43.4. Pengo ni 3.1. Julai wanahojiwa 2,000 wengine: A ana 46.4, B ana 43.5. Pengo ni 2.9. Kilichobadilika ni wahojiwa wawili waliopungua upande wa A na wawili walioongezeka upande wa B. Lakini jedwali la namba nzima linasema 47 kwa 43 mwezi Juni, na 46 kwa 44 mwezi Julai. Mhariri anatoa: nne, kisha mbili. Kesho yake kichwa cha habari kinasema pengo limepungua kwa nusu, wachambuzi wanaalikwa redioni kueleza ni hotuba ipi iliyomwangusha A, na wapiga kampeni wanabadili ratiba.

Dawa ni kuhesabu pengo kwa tarakimu kamili, kisha kulikadiria mara moja mwishoni. Ndivyo wanavyofanya watafiti wa gazeti la New York Times na chuo cha Siena nchini Marekani, na ndiyo maana kwenye majedwali yao unaweza kukuta mgombea mmoja na 48, mwingine 46, na pengo likaandikwa 3. Hilo si kosa la uchapaji. Kwa mfano, 48.4 toa 45.5 ni 2.9.

Kanuni hiyohiyo inahusu majibu yanayounganishwa. Swali likiwa na "naunga mkono sana" asilimia 31.4 na "naunga mkono kiasi" asilimia 22.3, wanaounga mkono kwa jumla ni 53.7, yaani 54. Anayejumlisha namba zilizochapishwa, 31 na 22, atapata 53 na kudhani taasisi imekosea.

Kukadiria juu ya kukadiria

Rudi kwa Raila: 48.8491. Kwa desimali moja ni 48.8. Lakini anayeanzia kwenye 48.85 iliyotangazwa atapandisha na kuandika 48.9. Ruto ni 50.4899, kwa namba nzima ni 50. Anayeanzia kwenye 50.5 atapata 51. Hakuna kanuni iliyovunjwa katika hatua yoyote, ila hatua zimekuwa mbili badala ya moja.

Hivi ndivyo inavyotokea ofisini. Mchambuzi wa taasisi ana data kamili na anatoa ripoti yenye desimali moja. Anayeandika taarifa kwa vyombo vya habari anaona desimali zinachosha na kukadiria tena. Mchora grafu wa televisheni anachukua namba kutoka kwenye taarifa hiyo. Kila mkono umefanya kazi yake vizuri, na tarakimu iliyofika kwenye kioo si ile iliyotoka kwenye data.

Programu za kompyuta nazo zina tabia zake. Katika lahajedwali, kuifanya seli ionyeshe 47% hakubadili kilichomo. Ndani bado kuna 46.6, na kila hesabu itatumia 46.6. Ukitumia amri ya ROUND, thamani yenyewe inabadilika na masalio yanapotea. Ofisi inayochanganya mbinu hizi mbili kwenye faili moja itapata majedwali yanayopingana na haitajua kwa nini. Vilevile Excel huipeleka 46.5 kwenye 47, lakini lugha ya Python, kwa amri yake ya kawaida ya kukadiria, huipeleka kwenye 46, kwa kuwa hufuata desturi ya kuipeleka nusu kamili kwenye namba shufwa iliyo karibu. Lugha nyingine ya kompyuta, R, nayo hufanya hivyo. Wahojiwa 930 kati ya 2,000 ni 46.5 kamili, kwa hiyo wachambuzi wawili wenye data moja wanaweza kuleta namba mbili. Tiba ni kuandika kanuni moja kwenye maelezo ya mbinu na kuishika.

Grafu huleta malalamiko mengine. Nguzo zikichorwa kwa tarakimu kamili huku maandishi yakiwa yamekadiriwa, nguzo mbili zenye lebo "44" zitaonekana na urefu tofauti (43.5 na 44.4 ni karibu pointi nzima). Msomaji ataona amedanganywa. Ni heri urefu wa nguzo ufuate tarakimu kamili na sababu iandikwe kwa sentensi moja chini ya grafu, kuliko kunyoosha nguzo zifanane.

Asilimia ya nini?

Makosa ya kukadiria ni madogo yakilinganishwa na makosa ya kutojua asilimia imegawanywa kwa nini. Kenya ililiona hilo mahakamani. Machi 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433 kati ya 12,330,028 zilizopigwa, zikiwamo zilizoharibika. Hiyo ni asilimia 50.07. Katiba, ibara ya 138, inadai zaidi ya nusu ya kura zote, na nusu ya jumla ile ni 6,165,014. Alivuka kwa kura 8,419. Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizoharibika haziingii kwenye hesabu ya asilimia. Ukiziondoa hizo 108,975, inabaki 12,221,053, na kura zilezile za Uhuru zinakuwa asilimia 50.51. Raila naye anatoka 43.31 hadi 43.70. Hakuna aliyeongezewa kura. Kilichobadilika ni asili, ile namba ya chini ya sehemu.

Katika utafiti wa maoni asili inaweza kuwa watu wazima wote waliohojiwa, au waliojiandikisha kupiga kura tu, au wanaosema hakika watapiga, au waliokwisha kuamua. Tuseme matokeo ni A 44, B 40, wengine 2, na wasioamua pamoja na waliokataa kusema 14. Ukiwaondoa hao 14, A anakuwa na 44 kati ya 86, sawa na 51. B anakuwa na 47. Utafiti mmoja umezaa vichwa viwili vya habari: "Hakuna anayefika nusu" na "A ashinda duru ya kwanza". Cha pili kinasimama juu ya dhana kwamba wasioamua watagawanyika kama walioamua, au hawatapiga kura kabisa. Wakipiga wote na A akaambulia watano kati ya hao 14, anabaki na 49.

Na hapa kukadiria kunarudi kwa mlango wa nyuma. Ukifanya hesabu hiyo mwenyewe kwa namba zilizochapishwa, 44 yako inaweza kuwa 43.5 au 44.4, na 14 yako inaweza kuwa 13.5 au 14.4. Jibu lako la 51 kwa kweli liko popote kati ya 50.3 na 51.9. Kugawanya namba zilizokwisha kukadiriwa hukuza upotofu wake. Kwa sababu hiyohiyo usijaribu kugeuza asilimia ya waliojitokeza iwe idadi ya kura. Mwaka 2022 daftari la Kenya lilikuwa na wapiga kura 22,120,458. Sehemu moja ya kumi ya asilimia ya daftari hilo ni watu 22,120. Desimali moja haina uwezo wa kukuonyesha kundi lililo dogo kuliko hilo.

Kabla ya hayo yote kuna uzani. Sampuli ikitoka na wanaume wengi kuliko ilivyo katika jamii, jibu la kila mwanamke hupewa uzito zaidi ya mmoja na la kila mwanaume hupungua. Tuseme wamehojiwa wanawake 900 na wanaume 1,100, na jamii ni nusu kwa nusu. Kila mwanamke anahesabiwa 1.111, kila mwanaume 0.909. A akitajwa na wanawake 400 na wanaume 530, bila uzani ana 46.5, inayopanda kuwa 47. Kwa uzani ana 46.3, yaani 46. Ndiyo maana ripoti nzuri huweka idadi mbili chini ya kila safu: waliohojiwa kweli, na idadi baada ya uzani. Hiyo ya pili nayo huwa imekadiriwa, kwa hiyo wahojiwa waliopimwa uzani wakipishana kwa mmoja au wawili na jumla ya jedwali, si kwamba kuna mtu aliyefutwa.

Desimali isiyobeba kitu

Utafiti wa watu 2,000 uliofanywa kwa sampuli ya nasibu una kiwango cha makosa cha pointi 2.2 juu au chini, kwa uhakika wa mara 95 kati ya 100. Watu 1,000 ni pointi 3.1. Hizo ni hesabu za hali bora. Uzani na kuchagua watu kwa makundi ya maeneo hupunguza nguvu ya sampuli. Upungufu wa kawaida unaweza kuzifanya sauti 2,000 zifanye kazi ya 1,333, na kiwango kikawa 2.7. Tena kiwango hicho ni cha asilimia ya mgombea mmoja. Pengo kati ya wawili wanaokaribiana lina kiwango cha karibu maradufu: kwa 47 dhidi ya 43 kwenye sampuli ya 2,000, ni zaidi kidogo ya pointi 4. Kwa hiyo pengo la pointi nne halijavuka kiwango cha makosa.

Ukilijua hilo, "46.7" inayotangazwa kana kwamba hiyo saba ina maana inapoteza uzito wake. Katika watu 2,000, sehemu moja ya kumi ya pointi ni watu wawili. Mimi ningependa taasisi zitangaze namba nzima kwa umma na kuweka desimali kwenye faili la data kwa wanaotaka kuhesabu. Desimali ikitangazwa peke yake huwafanya watu waamini usahihi ambao haupo. Ikikosekana kabisa kwenye data, wanaohesabu pengo watakosea. Mahitaji hayo mawili hayagombani.

Kwenye kaunti mambo huwa mabaya zaidi. Mshindi wa urais Kenya lazima pia apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani 24, kwa hiyo kila mtu hutaka kujua nani yuko wapi. Gawa sampuli ya 2,000 kwa uwiano wa sensa ya 2019: Nairobi, yenye watu 4,397,073, inapata wahojiwa 185. Lamu, yenye 143,920, inapata sita. Kwa watu sita, mmoja ni asilimia 16.7 na wawili ni 33.3, hiyo 25 haipatikani hata kwa bahati. Kaunti zote sita za Pwani kwa pamoja zinapata wahojiwa 182 hivi, na kiwango cha makosa cha pointi 7. Ramani ya kaunti 47 iliyopakwa rangi kutokana na utafiti mmoja wa watu 2,000 haina msingi, iwe na desimali au isiwe nazo. Ili kuzungumzia kaunti moja moja, lazima zihojiwe sampuli kubwa za kila kaunti, na gharama yake ndiyo inayowafanya wengi wasithubutu.

Kiwango cha makosa chenyewe hupima bahati nasibu ya sampuli tu. Hakipimi watu waliokata simu, walioficha msimamo, wasio na simu, wala waliobadili nia baadaye. Nchini Tanzania mwaka 2015, utafiti wa Twaweza uliotolewa Septemba ulimpa John Magufuli asilimia 65 na Edward Lowassa 25. Oktoba matokeo rasmi yakawa 58.46 na 39.97. Kenya 2022, kura nyingi za maoni zilizochapishwa wiki ya mwisho zilimweka Raila mbele. Tofauti za ukubwa huo hazielezwi na kukadiria, na pengo la pointi 15 la Lowassa haliwezi kuelezwa na kiwango cha makosa cha sampuli peke yake.

Mstari wa 50

Mahali ambapo kukadiria hubadili maana yenyewe ni pale sheria inapoweka mstari. "Asilimia 50" katika jedwali la namba nzima ni chochote kuanzia 49.5 hadi karibu na 50.5. Ndani ya namba hiyo moja wamo anayeshinda duru ya kwanza na anayelazimika kurudi duru ya pili. Hata matokeo halisi ya Ruto, 50.49, yangeandikwa 50 tu. Utafiti wa maoni hauwezi kutenganisha 49.8 na 50.2, kwa sababu kiwango chake cha makosa ni kikubwa mara kadhaa kuliko tofauti hiyo. Anayetangaza kwamba mgombea "amevuka 50 jumlisha moja" kwa msingi wa jedwali lenye 51 anasema zaidi ya anachokijua.

Ujerumani iliwahi kujikuta kwenye mstari wa namna hii kwa kura halisi. Katika uchaguzi wa jimbo la Schleswig-Holstein, Aprili 1992, chama cha Kijani kilikuwa na asilimia 4.97, na kizingiti cha kuingia bungeni ni 5. Programu iliyotumika kuandaa jedwali ilionyesha desimali moja, ikachapisha 5.0. Kwa muda ilionekana chama kimeingia. Kosa lilipogunduliwa chama kikatolewa, viti vikagawanywa upya, na chama cha SPD kikapata wingi wa kiti kimoja. Taasisi za utafiti wa maoni kama INSA nchini humo huripoti kwa nusu pointi, 4.5 au 5 au 5.5, ngazi iliyo kati ya namba nzima isiyotosha na desimali isiyoaminika.

Cha kutafuta kwenye ripoti

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inamtaka anayechapisha ataje aliyeagiza utafiti, aliyeufanya, tarehe za mahojiano, jamii ambayo sampuli ilitolewa, idadi ya waliohojiwa na kiwango cha makosa. Inakataza pia kuchapisha matokeo mapya ndani ya siku tano kabla ya uchaguzi. Haimlazimishi mtu aeleze alivyokadiria, kwa hiyo hilo ni la kuuliza.

Anza na asili: ni watu wazima wote, au walioamua tu? Kisha tafuta idadi ya wahojiwa kwa kila kundi linalotajwa. Kundi lenye chini ya watu 100 lisomwe kwa namba za watu, si kwa asilimia. Angalia kama pengo limehesabiwa kabla ya kukadiria. Ikiwa ripoti haisemi, na namba ni nzima, chukulia pengo lililochapishwa linaweza kupungua au kuzidi kwa pointi moja kabla hata hujafikia kiwango cha makosa. Unapolinganisha na utafiti wa mwezi uliopita, omba desimali za miezi yote miwili, na uhakikishe swali liliulizwa kwa maneno yaleyale na kwa asili ileile.

Kwa mwandishi wa habari, sentensi inayobeba yote haya si ndefu: "Kati ya wahojiwa 2,000 walioulizwa kwa simu, asilimia 46 walimtaja A na 44 B, 8 hawajaamua na 3 walikataa kusema. Pengo, likihesabiwa kabla ya kukadiria, ni pointi 3, na liko ndani ya kiwango cha makosa. Jumla inazidi 100 kwa sababu ya kukadiria."